Kijiji Nacho Kinaishi Mwaka Huu

Bwana Mhariri,

Nimesoma andiko lililotoka hivi karibuni katika ukurasa wenu wa utamaduni, ambamo mwandishi alilalamika kwamba wasanii wa Lubumbashi siku hizi wanajifanya watafiti, na watafiti wa chuo kikuu nao wanajifanya wasanii, hata mtu akiingia kwenye maonyesho ya picha za vijijini hajui kama ameitwa kutazama au kufundishwa. Malalamiko hayo si ya bure. Nami nimekwisha kusimama mbele ya kuta ambazo maelezo yake yalikuwa marefu kuliko safari yenyewe ya kwenda kijijini. Lakini ubaya hauko pale alipouona. Msanii na mwanaanthropolojia, yaani mtafiti wa maisha na desturi za watu, kuketi meza moja ni jambo jema, tena ni la siku nyingi katika mji wetu. Kinachonisumbua mimi, niliyefundisha jiografia katika shule za sekondari za mji huu hadi nikastaafu, ni kwamba wakifika kwenye habari za kijiji, wote wawili hukisema kama kitu cha jana.

Nianze na hizo siku nyingi, kwa sababu vijana wengi hawazijui. Mwaka 1973 na 1974, mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha hapa Lubumbashi, alikutana mara kwa mara na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 na aliyekuwa akitembeza picha zake nyumba kwa nyumba ili apate riziki. Nia ya Tshibumba ilikuwa kubwa kuliko soko lake: alitaka kuchora historia yote ya nchi, tangu zama za wafalme hadi Zaire ya wakati ule, na hata yale aliyodhani yatakuja, naye akaichora katika picha zaidi ya 100. Mazungumzo yao juu ya picha hizo yalirekodiwa, na yalifanyika kwa Kiswahili chetu cha Katanga, pamoja na vipande vyake vya Kifaransa. Msomi aliuliza, mchoraji akaeleza kwa nini amechora hivi na si vile, maana alijihesabu kuwa mwanahistoria na si mtu wa kuhojiwa tu. Picha hizo leo ziko katika makumbusho ya Amsterdam, na mchoraji mwenyewe habari zake zilipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hilo ni deni ambalo sitalifungua katika barua hii. Ninachotaka msomaji akishike ni namna walivyofanya kazi: picha iko katikati, watu wawili wanaizunguka, na lugha inayotumika ni ile ambayo mchoraji anaimudu barabara.

Sasa tutazame upande wa pili. Katika miaka ile ile wachoraji wa mitaa yetu waliuza kwa wingi picha za aina nyingine, yenye nyumba za nyasi, mchikichi, mto, mtumbwi, mwanamke anayetwanga na jua jekundu linalozama. Fabian na mwenzake Ilona Szombati-Fabian, walipozipanga picha za Lubumbashi kwa mafungu, waliziweka hizi kwenye fungu la mambo ya mababu, mbali na picha za ukoloni na mbali na picha za maisha ya mjini. Watu waliokaa katika nyumba za matofali zilizopangwa mistari na kampuni ya madini walizitundika sebuleni, na sababu yao inaeleweka, kwa kuwa kijiji kilikuwa kule walikotoka wazazi na picha ilikuwa namna ya kukaa nacho. Mimi mwenyewe nimekulia chini ya picha ya namna hiyo. Hata hivyo mwalimu wa jiografia hawezi kunyamaza kabisa. Uwanda wetu, ulioinuka mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ni nchi ya miombo, na mchikichi ule mrefu unaoinamia mto ni mgeni kwenye sehemu kubwa yake. Baiskeli haimo katika picha hiyo, wala gunia, wala mtoza kodi, wala kijana aliyerudi kutoka mgodini na redio yake. Kijiji kimepangwa kiwe mahali ambapo saa imesimama.

Wasomi nao hawakuwa bora. Mwaka 1983 Fabian huyo huyo alitoa kitabu cha kuisuta fani yake mwenyewe, akionyesha kwamba mwanaanthropolojia huenda akaishi na watu, akala nao, akazungumza nao uso kwa uso, kisha akirudi kwake kuandika anawaweka katika wakati mwingine, kana kwamba wao ni mabaki ya zamani naye peke yake ndiye wa leo. Naona hoja hiyo inaigusa ile picha ya mchikichi vilevile. Mchoraji wa mtaani na profesa wa Ulaya, ambao hawakuwahi kusoma darasa moja, walikubaliana juu ya jambo moja tu, nalo ni kwamba kijiji ni jana.

Aliyenisaidia zaidi kuliona jambo hili ni msanii wa hapa hapa, Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Wengi wanamfahamu kwa picha zake za magofu ya kampuni ya madini ya Gécamines, ambamo alibandika wafanyakazi wa zamani mbele ya mitambo iliyokufa. Mimi nazipenda zaidi zile alizozitengeneza alipoalikwa na makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels, pamoja na mwandishi Patrick Mudekereza, zikaonyeshwa huko mwaka 2011. Habari yake ni hii. Kati ya mwaka 1898 na 1900, afisa wa Kibelgiji Charles Lemaire aliongoza msafara wa kisayansi uliopita Katanga, akiwa na mchoraji Léon Dardenne na mpiga picha François Michel. Wawili hao waligawana nchi yetu bila kuapishana. Dardenne alichukua mandhari, akachora kwa rangi za maji nyanda, mito na milima, kwa wepesi na uzuri ambao siwezi kuukana. Michel alichukua watu, na wengi wao aliwasimamisha kama vielelezo vya maabara. Nchi ikabaki bila wenyewe, na wenyewe wakabaki bila nchi.

Baloji aliwakata watu wa Michel akawaweka juu ya mandhari ya Dardenne. Mtu akitazama kwa haraka atasema wamerudishwa nyumbani. Akitazama kwa utulivu ataona kwamba hawakai sawasawa: wao ni wa rangi ya kijivu ya kamera, nyuma yao pana kijani na manjano ya brashi, na mwanga uliowaangukia si ule unaoangukia mlima. Mshono unaonekana, na nadhani msanii alitaka uonekane. Katika ukurasa wowote wa maelezo ya kitaalamu sijasoma jambo lililoniambia wazi kama mshono ule kwamba mandhari bila watu ilikuwa kazi iliyofanywa na mtu, kwa mkono, kwa sababu zake.

Baada ya hapo ningetegemea wasanii wetu watoke kwenda vijijini. Baadhi wametoka, lakini kwa jumla mji umewashika. Maonyesho makubwa ya Lubumbashi, yale yaliyoanzishwa na chama kiitwacho Picha mwaka 2008, yamefanya mengi mazuri, na toleo la mwaka 2022 lilichukua sumu ya mji kuwa mada yake, jambo ambalo kila anayeishi chini ya vumbi la viwanda analielewa. Wanahistoria wa chuo kikuu chetu, tangu mwanzo wa miaka ya 2000, wamekusanya kumbukumbu za wakaaji wa mji, masimulizi yao na vyombo vyao vya nyumbani, na kuzionyesha hadharani. Kazi ya heshima hiyo. Hata zamani, karakana ya Pierre Romain-Desfossés, iliyofunguliwa hapa mwaka 1946 na iliyomlea Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga, ilitoa samaki, ndege na majani ya porini yaliyopendwa hadi ng'ambo, ingawa mkulima mwenye jembe ni nadra kumkuta katikati ya majani hayo. Mji una kumbukumbu, pori lina ndege. Kijiji cha leo kinangoja.

Na kijiji cha leo hakijifichi. Ukitoka mjini kwa barabara ya Kasenga au ya Likasi, unachokiita msitu si msitu ulioachwa na Mungu tangu kuumbwa. Tumtazame mchoma makala, yaani makaa ya kupikia, kazini, kwa maana mji mzima hupikia bukari yake, ndio ugali, juu ya mgongo wake, hasa umeme unapokatika. Anakata miti, anaipunguza kuwa magogo, anayapanga kwa kuyabana ili pasiwe na nafasi, kisha anayafunika kwa majani na juu yake udongo, akiacha matundu machache ya hewa. Akishawasha, hawezi kwenda mbali. Moshi ukiwa mweupe na mzito, maji bado yanatoka katika kuni. Ukiwa mwembamba wenye ubuluu, anajua zimeiva. Udongo ukipasuka usiku naye amelala, hewa inaingia, na asubuhi hana makala, ana majivu. Kisha yanakuja magunia yaliyoshindiliwa hadi juu ya mdomo na kufungwa kwa nyasi, baiskeli ambayo haipandwi bali inasukumwa, na njia ndefu hadi sokoni. Vijana wa sanaa hupenda kuipiga picha baiskeli hiyo ikiingia mjini, kwa sababu inapendeza machoni. Tanuru lenyewe hawalipigi, na maswali ya tanuru hawayaulizi: ardhi hii ni ya nani, chefu wa kijiji alipewa nini ili ruhusa itoke, shamba la mahindi litafuata hapa au miti itaachwa irudi? Maana miti ya miombo ina tabia ya kuchipuka tena kwenye kisiki, ikiwa haikuunguzwa wala kulimiwa. Hayo ndiyo maswali ya mwanaanthropolojia, na hapo ndipo msanii anapomhitaji.

Mwanaanthropolojia naye anamhitaji msanii, pengine zaidi. Nilipata bahati ya kufuatana na mpiga picha mmoja kijana, ambaye sitamtaja jina, aliporudisha picha zake zilizochapwa kwenye karatasi kubwa katika kijiji alikozipiga. Alizitandaza juu ya mkeka chini ya mwembe. Picha aliyoiona yeye kuwa bora ilikuwa ya pori lenye ukungu wa asubuhi, tupu, la kupendeza. Mama mmoja aliinama akaitazama muda mrefu, akaweka kidole kwenye ukingo wa kushoto, akauliza: "Na muhogo wangu umeuweka wapi?" Shamba lake lilianza hapo hapo picha ilipokatwa. Mzee mmoja mchoma makala akaonyesha mti uliogawanyika mashina matatu tangu chini, akasema huo umekwisha kukatwa na yeye anamjua aliyeukata. Mama mwingine hakujali mashina. Alikuwa akihesabu mitondo, miti fulani ya porini, kwa sababu juu ya mitondo ndiko vinkubala, viwavi wa kuliwa, hupatikana, na vinkubala vikikaushwa ni fedha ya karo. Pori tupu lilijaa watu mbele ya macho yetu, na kijana wa watu akabaki anaandika kwa haraka nyuma ya bahasha. Mwanaanthropolojia angeuliza maswali kwa daftari mwezi mzima kabla ya kupata ugomvi mzuri namna ile, kwa sababu swali la daftari hujibiwa na mmoja, lakini picha mkekani hujibiwa na wote, tena kwa kubishana.

Na si miti tu. Viko vilima katika Katanga ambavyo miti haikubali kuota kwa sababu ya shaba iliyo udongoni, na juu yake huota mimea michache inayovumilia, mmoja wao ukiitwa ua la shaba. Wataalamu wa akiolojia wamelitumia ua hilo kutafuta mahali ambapo wafua shaba wa kale waliyeyusha madini yao, kwa kuwa hupenda udongo uliochanganyika na mabaki ya tanuru zao. Kwa maneno mengine, kuna maua porini yanayoonyesha kiwanda cha mababu zetu, karne nyingi kabla ya kampuni ya shaba ya Union Minière kuundwa mwaka 1906. Kuna pia vichuguu vikubwa vya mchwa, vingine vyenye kimo cha mita kadhaa na umri wa mamia ya miaka, ambavyo udongo wake hufinyangwa kuwa matofali na kuchomwa. Sehemu kubwa ya mitaa ya pembeni ya mji imejengwa kwa vichuguu. Na katika miaka ya katikati ya 2010 yalipita malori ya mukula, mti mwekundu uliosafirishwa kwenda China, na vijiji kadhaa vikabaki na visiki na magomvi ya nani alitia sahihi. Mandhari ya namna hiyo ni karakana, ni mahakama, na ni soko. Mwenye kuichora kama utulivu wa jioni ameikosa.

Mwandishi wenu aliuliza, kwa dhihaka kidogo, sanaa ya namna hii imewahi kumpa mkulima nini. Jibu lipo, ingawa liko mbali na sisi, katika Kwilu. Huko Lusanga, iliyoitwa Leverville enzi za mashamba ya michikichi ya kampuni ya Lever, wafanyakazi wa mashamba waliunda chama chao cha sanaa mwaka 2014, wakisaidiwa na mwanamazingira René Ngongo na msanii Mholanzi Renzo Martens. Wanachonga sanamu kwa udongo, sanamu hizo zinatolewa nakala kwa kakao na mafuta ya mawese huko Ulaya, zinauzwa, na fedha inarudi kununua ardhi iliyochoshwa na kilimo cha zao moja, ili wapande upya chakula na miti. Mwaka 2024 chama hicho kiliwakilisha Uholanzi kwenye maonyesho ya Venice. Mwaka huo huo walifanikiwa kupata kwa mkopo, kutoka makumbusho ya Richmond kule Marekani, sanamu ya Maximilien Balot, afisa wa kikoloni aliyeuawa katika uasi wa Wapende mwaka 1931, ikakaa Lusanga mbele ya wajukuu wa waliouasi utawala huo. Nina wasiwasi wangu juu ya lile jumba jeupe la maonyesho lililojengwa katikati ya michikichi, ambalo linanikumbusha mno majumba ya wenye mali. Juu ya ardhi iliyonunuliwa sina wasiwasi. Mkulima akishika hekta mkononi, suala la kama sanaa imemfaa limekwisha jibiwa.

Sisi hatuhitaji kuiga Lusanga, kwa maana matatizo yetu ni ya madini na makala zaidi kuliko mawese. Tunachohitaji ni kuichukua ile njia ya 1973, kuitoa sebuleni na kuipeleka mkekani, na kuongeza mtu wa tatu ambaye Fabian na Tshibumba hawakuwa naye, yaani mwenye shamba. Maelezo ya picha yaandikwe kwa Kiswahili, na kwa Kibemba au Kisanga pale kijiji kinaposema hivyo, kabla ya kuandikwa Kifaransa. Kanda zilizorekodiwa ziachwe nakala kijijini, kwenye simu za vijana wao ikibidi, kwa sababu nakala iliyoko chuo kikuu mama mwenye muhogo hataifikia. Picha ikiuzwa, sehemu ya kijiji iwe imepatanwa kabla kamera haijatolewa mfukoni, tena mbele ya watu na si chumbani kwa chefu peke yake. Na majina ya watu yasiwekwe bila idhini yao, hasa wale wanaochoma makala katika maeneo yenye ubishi na walinzi.

Kuhusu majira, wenzangu wa mjini husahau. Mvua zikishaanza, mwezi wa Novemba hivi, hakuna mkulima mwenye muda wa mgeni, na mgeni atakayekuja atapata watoto na wazee tu kisha aandike kwamba kijiji kimekimbiwa. Julai na Agosti mahindi yamekwisha kuvunwa, njia zinapitika, na jioni watu wana nafasi ya kukaa. Ikiwa ukurasa wenu wa utamaduni utakubali kutenga nafasi kwa miezi hiyo miwili, kwa picha moja kila toleo pamoja na maneno ya wenyeji kama walivyoyasema bila kupambwa, nina orodha ya wanafunzi wangu wa zamani walio walimu katika vijiji vya kuelekea Kasenga, na nitawaandikia mimi mwenyewe kuwaomba wawapokee watakaotumwa.

Mwalimu mstaafu wa jiografia,
Komini ya Katuba, Lubumbashi